SOMO: MTO WETU UNAANZIA MBALI



Katika kikao kimoja cha akina mama hapa Tononoka tulileta mada ya kulinda vyanzo vya maji. Mama mmoja akatukatiza: "Mto gani huo? Hapa kisiwani mto wetu ni mkokoteni!" Watu wakacheka, lakini mama alisema kweli. Bomba likikauka, maji yetu huja kwa mitungi ya lita 20, na asiye na pesa siku hiyo hana maji. Basi leo tufuate nyayo za ule mkokoteni, tuone maji yake yanatoka wapi.

1. TUTAZAME

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bara. Kuna chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake lilikamilika mwaka 1957 na lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kuna visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Kwale nako kuna Marere na Tiwi.

Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha Milima ya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatokea chini. Yasiyoingia bombani hutiririka hadi Mto Tsavo. Tsavo hukutana na Athi, inakuwa Galana, na ikikaribia bahari tunaiita Sabaki. Kwa hiyo msitu wa Chyulu ukichomwa makaa, Mzima inaumia na Baricho pia.

Na Athi je? Huanzia karibu na Nairobi na kupita nchi ya Ukambani. Aliyefika Malindi wakati wa mvua ameona bahari ilivyogeuka nyekundu pale Sabaki inapoingia. Ule si uchafu tu. Ni shamba la mtu linakwenda zake.

2. TUFIKIRI

Je, jambo hili lina dawa? Tuangalie Machakos. Miaka ya 1930 wataalamu waliiona kama nchi iliyokwisha: makorongo kila mahali, udongo umechukuliwa na mvua. Serikali ya kikoloni ikalazimisha watu kuchimba matuta, na kazi ya kulazimishwa watu waliichukia. Baadaye wananchi wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba kwa hiari, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko ulipungua.

Njia yao inaitwa "fanya juu". Unachimba mtaro unaokata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu. Juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji husimama na kuzama badala ya kukimbia.

Mwaka 1978 kikundi cha Utooni, kikiongozwa na marehemu Joshua Mukusya, kilianza safari iliyokuja kujulikana kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, kukata mto unaokauka kiangazi. Mafuriko huleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake. Jua haliyakaushi upesi wala mbu hawazai humo.

Lakini shikeni hili: matuta kwanza, bwawa baadaye. Mashamba ya juu yakiachwa wazi, mto utaleta tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji. Tena ukuta usijengwe bila fundi anayejua, maana maji yatauzunguka na kula kingo.

3. TUTENDE

Mlioko Kwale na Taita, anzeni na mashamba yaliyo juu ya mto wenu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Ulizeni kama mto wenu una chama, mkaingie.

Nasi wa Tononoka tusikae kuwalaumu watu wa bara. Tuweke mifereji ya mabati na matangi, kwa kuwa lita iliyotoka paani haikununuliwa. Tulinde visima vyetu, kwani kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, na maji ya choo hupenya haraka hadi kisimani. Tena kikundi chaweza kutenga kidogo kutoka mchango wa kila wiki, wajumbe wawili wakatembelee wenzetu wa Ukambani. Anayechimba tuta kule anatuchotea maji sisi, na hajapata hata kusikia asante yetu.

Yule mama alipoelezwa haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mkokoteni unaanzia mlimani." Ndiyo, mama. Maji hufuata mkondo, na sisi tuko mwisho wa mkondo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Maji ya kijiji au mtaa wetu yanatoka wapi? Nani anakaa juu yake, na nani chini?
2. Kwa nini watu walikataa matuta ya kulazimishwa, halafu wakayachimba wenyewe?
3. Ni kazi gani moja tunayoweza kuianza kabla ya mvua zijazo? Nani ataisimamia?