Sikio la Mpiga Gitaa Anayeanza



Wengi wanaojifunza gitaa hapa Kampala huanza kwa kukariri mahali pa vidole. Huonyeshwa kodi tatu, nao huzishika mpaka ncha za vidole zinaota sugu. Kisha siku ya harusi mwimbaji anapandisha sauti kidogo, kwa kuwa ndivyo koo lake litakavyo jioni ile, na mpigaji aliyekariri vidole tu hana la kufanya. Wiki inayofuata bendi humwita mtu mwingine, na ujira ndio huo umekwenda. Kwa hiyo somo letu la leo ni la sikio.

Siku hizi zipo programu za simu za kupimia nyuzi. Hatuzikatai. Lakini simu haitamsikiliza mwimbaji kwa niaba yako, na chaji huisha.

Anza na waya wa tano, yaani A. Kwa kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani waya huo hutetema mara 110 kwa sekunde. Upige mara moja, uuache unyamaze kabisa, kisha uiimbe sauti ile huku umefumba mdomo. Ndipo uupige tena na kulinganisha. Usione haya kwa kuwa huna sauti nzuri, maana hapa hatutafuti mwimbaji. Ukiweza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuimba. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayolifundisha sikio kuitunza sauti isiyosikika tena.

Sasa bonyeza waya wa sita, ule mnene, nyuma ya chuma cha tano cha shingoni, uupige pamoja na wa tano ulio wazi. Sauti zikikaribiana bila kulingana utasikia myumbo: wau, wau, wau. Waya mmoja ukitetema mara 110 na mwenzake mara 112, myumbo huo utakuja mara mbili kila sekunde. Kadiri unavyosahihisha, myumbo hupungua kasi, na sauti zikilingana hukoma. Endelea hivyo hivyo kwa nyuzi zinazofuata, ila kutoka wa tatu kwenda wa pili tumia chuma cha nne. Na daima fika kwenye sauti ukitokea chini huku ukikaza. Ukipitiliza, legeza mpaka chini kisha upande tena, la sivyo waya utateleza baada ya wimbo mmoja.

Wapo wanaolalamika kwamba hata baada ya hayo yote gitaa bado "halikai sawa" masikioni mwao. Tusiwacheke. Aliyekulia karibu na amadinda ya Buganda amezoea oktava iliyogawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana. Gitaa huigawa oktava hiyo hiyo kwa vyuma 12. Basi hatua moja ya amadinda ni kubwa kuliko vyuma viwili na ni ndogo kuliko vitatu, na hakuna mahali pa kubonyeza patakapoitoa. Mwanafunzi wa namna hii ana sikio zuri lililokwisha kufunzwa, na sasa anajifunza kipimo cha pili, kama mtu mwenye lugha ya nyumbani anavyojifunza lugha ya kazini.

Tena ana faida. Amadinda yenye mbao 12 hupigwa na watu wawili waliokaa wakielekeana, kila mmoja akijaza nafasi za mwenzake, na wa tatu huongeza kwenye mbao mbili za mwisho zenye sauti ya juu. Msikilizaji husikia viimbo ambavyo hakuna hata mmoja wao anayevipiga peke yake. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefundishwa hapa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa zamani wa ikulu ya Kabaka, aliliandikia jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Gitaa la vidole lina mfumo wa jamii hiyo. Tafuta rekodi za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Ni mtu mmoja, lakini utadhani ni wawili. Mara ya kwanza sikiliza kidole gumba peke yake, yaani besi, ukiifuata kwa mguu. Mara ya pili sikiliza nyuzi nyembamba tu. Usiguse gitaa lako mpaka uweze kuziimba sehemu hizo moja moja.

Kumfuata mwimbaji nako huanzia kwenye besi. Chagua wimbo unaoujua tangu utotoni, katika lugha yoyote. Uimbe, usimame pale wimbo unapopumzika, kisha uitafute sauti hiyo kwenye nyuzi nene. Hapo ndipo nyumbani kwa wimbo. Nyimbo nyingi hutoka nyumbani kwenda sauti ya nne au ya tano, kisha hurudi: nyumbani pakiwa C, utakwenda F na G. Siku mwimbaji atakapoanzia D, safari ni ile ile, nawe utakwenda G na A.

Jioni baada ya zamu, kaeni wawili. Mmoja ageuze mgongo na kupiga kodi mojawapo kati ya hizo tatu, mwenzake ataje kama ni nyumbani, ya nne au ya tano. Robo saa inatosha, kisha badilishaneni.