Hofu Ijayo Ghafula, na Jinsi ya Kuipokea

Karibu katika kila parokia yuko mtu ambaye siku zote hukaa kwenye benchi la nyuma, hatua mbili kutoka mlangoni. Wenzake humdhania kuwa ni mlegevu wa ibada, mtu wa kuchelewa kufika na kuwahi kutoka. Kumbe amefika mapema kuliko wengi, ili apate kiti hicho. Akikaa katikati ya watu, benchi likijaa kulia na kushoto, moyo huanza kumwenda mbio, pumzi humkatika, vidole hufa ganzi, jasho jembamba humtoka, na ndani yake husikia neno moja tu: kwamba sasa anakufa. Hapo huinuka akakimbilia nje. Baada ya nusu saa yote yamepita, naye amebaki na uchovu na aibu. Dominika ifuatayo hubaki nyumbani.

Twalitaja jambo hili leo kwa kuwa jamaa nyingi zapata taabu kwa ajili yake, wala hazilijui jina lake. Mume hushuku uchawi. Mama mkwe hutaja jini. Jirani anamjua mganga wa ng'ambo ya mto, na mbuzi wawili huuzwa. Mwenye taabu mwenyewe husadiki kwamba moyo wake ni mbovu, au kwamba ameanza kupata wazimu, naye hunyamaza, maana aogopa kuambiwa kuwa ni mtu wa Mirembe, kana kwamba jina la hospitali ile ya Dodoma ni tusi. Nasi hatuwezi kunawa mikono. Mara nyingi sisi watu wa kalamu, pamoja na wale wa mimbari, tumewaambia wenye wahaka wasali zaidi, tukaishia hapo. Wakaenda zao wakiwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, yaani wakifikiri kwamba hofu yao ni upungufu wa imani.

Basi hofu hii ni nini? Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wa binadamu namna ya baragumu ya hatari. Mtu akikutana na chui njiani, tezi mbili ndogo zikaazo juu ya mafigo humwaga katika damu maji makali yaitwayo adrenalini. Moyo huongeza mwendo ili kuipeleka damu miguuni, pumzi huharakishwa, tumbo huacha kazi yake, ngozi hutoa jasho. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915, na hata leo hakuna aliyeyatangua. Mwenye shambulio la hofu ana mwili uleule na baragumu ileile. Tofauti ni kwamba imelia na chui hayupo. Kwa kuwa haoni chui nje, humtafuta ndani ya kifua chake mwenyewe, akasema: Ni moyo wangu. Wazo hilo humwogofya, na hofu mpya huipuliza baragumu kwa nguvu zaidi. Ndivyo moto huo ujilishavyo kuni zake wenyewe. Lakini haudumu. Kwa kawaida hufika kileleni kwa muda wa dakika 10 hivi, kisha hushuka. Wanawake hupatwa yapata mara mbili kuliko wanaume, ingawa twashuku kwamba wanaume wengine huificha kwa pombe.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kutoa onyo moja. Mtu apatwaye mara ya kwanza asijiganguzie mwenyewe kwa kusoma gazeti, hata gazeti hili. Na aende kwa mganga wa hospitali apimwe. Maumivu ya kifua yashukayo mkononi au kupanda tayani, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari au shinikizo la damu, ni jambo la kukimbizwa hospitalini saa ileile. Tena ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu, pumu, kupungua kwa sukari mwilini, hata dawa fulani ya malaria iitwayo mefloquine, vyaweza kuleta wahaka unaofanana kabisa na huu. Mganga akisha kusema kwamba moyo ni mzima, hapo ndipo mashauri yafuatayo yafaapo, nayo ni ya asili, hayauzwi dukani.

La kwanza ni pumzi. Mwenye hofu huhema upesi na juu juu, kwa kifua, kwa maana aona kana kwamba hewa haimtoshi. Ukweli ni kinyume chake: anatoa hewa nyingi mno. Hewa ya kaboni iliyomo katika damu hupungua kupita kiasi, na upungufu huo ndio uletao kizunguzungu, ganzi ya vidole na ile hali ya kuchomwachomwa midomoni. Na aweke mkono juu ya tumbo, avute pumzi puani polepole akihesabu hadi nne, tumbo likiinua mkono. Kisha aitoe taratibu akihesabu hadi sita. Hivyo dakika moja itakuwa na pumzi sita tu. Jambo kubwa ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na ajizoeze kila siku asubuhi na jioni akiwa mtulivu, kwani mtu hajifunzi kuogelea siku ya gharika. Wako bado wanaofundisha kuhemea ndani ya mfuko wa karatasi. Wasisikilizwe: ikiwa kumbe taabu ni pumu au moyo, mfuko huo waweza kuua.

Hapa tuna habari ambayo wasomaji wetu wataifurahia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi, mganga wa Pavia huko Italia, pamoja na wenzake, walitangaza katika jarida la waganga wa Uingereza matokeo ya kuwapima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Walikuta kwamba sala hiyo, ikisemwa kwa zamu kama tusalivyo Rozari, mmoja akianza na wengine wakijibu, hushusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na ya damu huingia katika mwendo mmoja mzuri. Kwa haki yatupasa kuongeza kwamba maneno ya sala ya Kibuddha yalileta matokeo yayo hayo. Hatusemi, basi, kwamba Rozari ni dawa ya mapafu, wala asiwepo mtu wa kuigeuza hirizi. Twasema tu kwamba bibi zetu waliosali polepole jioni, jamaa yote ikijibu, walikuwa wakiupumzisha mwili pamoja na roho bila kuambiwa na mtu. Anayeikimbiza Rozari ili awahi chakula hapati faida hiyo. Naye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Roho yaliyokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, alifundisha njia ya kusali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi. Mwenye kupatwa na hofu usiku kitandani na aijaribu njia hiyo.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kutoshindana na hofu. Mwanamke mmoja wa Australia, Claire Weekes, akiwa bado kijana alidhaniwa ana kifua kikuu, akatengwa na watu kwa miezi. Hakuwa nacho. Lakini alipotoka, moyo ulikuwa ukimwenda mbio mchana na usiku, akazidi kuogopa. Rafiki yake aliyekuwa askari katika vita kuu ya kwanza alimwambia kwamba askari nao, mahandakini, mioyo iliwaenda vivyo hivyo. Ilikuwa hofu tu, wala si kitu kingine. Neno hilo lilimfungua. Baadaye akawa mganga, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichosomwa na watu wengi mno. Shauri lake, kwa maneno yetu, ni hili: usiikimbie hofu, usipigane nayo, iache ipite juu yako kama wimbi lipitavyo juu ya aelezaye majini, wala usitazame saa. Mvuvi wa Bagamoyo au wa Ukerewe aelewa: anayeyapiga maji kwa nguvu ndiye azamaye.

Kwa sababu hiyohiyo, kukimbia mahali pa hofu ni faraja ya siku moja na kifungo cha mwaka. Mama aliyetoka kanisani leo, kesho ataogopa basi, kesho kutwa soko, na mwishowe hawezi kwenda kisimani bila mwenzi. Dawa ni kurudi, lakini kwa hatua. Juma hili na aende kanisani siku ya kazi, wakati hamna watu, akae dakika chache pamoja na dada yake. Juma lijalo Misa ya alfajiri yenye watu wachache. Kisha Misa ya Dominika, benchi la nyuma. Kisha benchi la tatu kutoka nyuma. Hofu ikija akiwa ameketi, na akae mpaka ianze kushuka, ili mwili ujionee wenyewe kwamba hakufa. Akishindwa siku moja, si kitu. Na arudie ngazi ya chini.

Kuhusu maisha ya kila siku, tusirefushe maneno. Kahawa, chai kali, vinywaji vya chupa vya kuongezea nguvu, tumbaku na mirungi vyote huuchochea moyo. Mwenye wahaka na avipunguze kidogo kidogo. Pombe hudanganya: jioni hutuliza, alfajiri huamsha hofu iliyo kubwa kuliko ya jana. Kutembea kwa haraka nusu saa kila siku, au kulima, kuna faida mbili, maana kwafanya usingizi uje, na kwauzoesha moyo kwenda mbio pasipo hatari. Msomaji na afungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, amwone Eliya amelala chini ya mti jangwani, amechoka, akiomba afe. Malaika hakumkaripia kwa upungufu wa imani. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akaanza safari, na sauti ya Mungu ikaja baadaye. Usingizi na chakula vilitangulia.

Neno la asili, hata hivyo, lisitudanganye. Si kila jani ni salama kwa sababu limeota porini. Uko mmea wa Ulaya uitwao kwa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, unaouzwa siku hizi katika vidonge kuwa dawa ya huzuni na wahaka. Nao huondoa mwilini nguvu za dawa nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hata mgonjwa aliyekuwa salama akaingia hatarini bila kujua. Vivyo hivyo vidonge vya diazepamu, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1963, visinunuliwe dukani bila cheti cha mganga. Hutuliza upesi, lakini mtu huweza kuwa mtumwa wake. Kutumia dawa iliyoandikwa na mganga si dhambi wala si udhaifu, na asiache kuitumia kwa sababu ya maneno ya jirani.

Na pepo je? Kanisa lasadiki kwamba Shetani yuko. Lakini Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yaagiza kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa si ugonjwa, na kwamba magonjwa ya akili ni kazi ya waganga. Na sheria ya Kanisa hairuhusu mtu yeyote kupunga pepo pasipo ruhusa ya Askofu. Basi wale wanaomzunguka mwanamke anayetetemeka, wakimkemea kwa sauti kuu na kumshika mikono, hawamsaidii hata kidogo. Mtu ambaye mwili wake unamwambia kuna hatari, nao wanamthibitishia kuwa ndivyo.

Lifaalo ni jingine. Watu watawanyike. Abaki mmoja anayempenda, aketi kando yake, alegeze nguo iliyombana, aseme kwa sauti ya chini: “Mama, haya yatapita, nipo hapa,” kisha ahemie polepole ili mgonjwa amfuate. Asiulize maswali mengi. Siku nyingine, mambo yakiwa yametulia, amsikilize. Kwani mara nyingi nyuma ya hofu kuna deni, au msiba usioliliwa, au kipigo cha nyumbani ambacho hakuna pumzi iwezayo kukiponya. Huko Harare, Zimbabwe, mganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Walipopimwa wagonjwa 573 na habari zao kutangazwa mwaka 2016, wale waliosikilizwa na akina bibi walionekana baada ya miezi sita kuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jumuiya zetu ndogondogo zina akina bibi, na mabenchi hayakosekani. Lakini mgonjwa akitaja kujiua, au akiacha kula na kulala, hiyo si kazi ya benchi. Na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Limebaki ombi moja kwa wazee wa kanisa wasimamao mlangoni siku ya Dominika. Mkimwona mtu achaguaye mwisho wa benchi, kando ya njia, msimsukume asogee katikati ili kujaza nafasi. Mwacheni kiti hicho, na ikiwa atatoka wakati wa mahubiri, asigeuke mtu kumtazama. Huenda imempasa kujizoeza majuma mengi ili afike hapo.