Mwuguzi wa Chumba cha Upasuaji na Mwuguzi wa Chumba cha Katheta

Wengi wetu tukisikia neno mwuguzi hukumbuka sindano na kutandika vitanda. Hiyo ni kazi ya wodini, nayo si haba. Lakini wako wauguzi ambao mgonjwa huondoka bila kuzijua sura zao, kwa kuwa aliwaona wamevaa barakoa. Nataka kueleza kazi yao katika vyumba viwili: chumba cha upasuaji, kama kile cha Hospitali ya Bombo ambako wagonjwa wetu wa Maramba hupelekwa, na chumba cha katheta, kama kile cha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015.

Anayepasuliwa mara nyingi amelazwa usingizi wa dawa. Hawezi kusema, "Mguu mbovu ni ule mwingine." Basi wauguzi hukesha kwa niaba yake. Mmoja hunawa mpaka viwikoni, akasimama kando ya daktari na kumpa vyombo. Mwenzake huleta vinavyotakiwa na kuandika. Wote wawili huhesabu kwa sauti vitambaa, sindano na mikasi kabla ya kupasua, na tena kabla ya kushona. Kikipungua kitambaa kimoja, kazi husimama hata kama daktari ni bingwa. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya maswali ya kuulizana chumbani humo katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa nchini kwetu. Vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Nayo ni karatasi moja tu!

Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alikatazwa na mkuu wake kujaribu jambo hilo. Vyombo alikuwa navyo mwuguzi wa upasuaji, Gerda Ditzen, naye alikubali kuvitoa kwa sharti kwamba ajaribiwe yeye. Forssmann akamfunga mezani, kisha akautia mrija katika mkono wake mwenyewe! Alipomfungua, walishuka pamoja hadi chumba cha eksrei, na picha ikaonyesha ncha ya mrija imefika moyoni. Mwaka 1956 Forssmann na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel.

Siku hizi mrija huingizwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, na dawa ya rangi huonyesha mahali mshipa ulipoziba. Mgonjwa hutiwa ganzi mahali hapo tu, kwa hiyo yu macho na husikia kila neno. Hapa mwuguzi hufanya kazi kwa ulimi pia: "Baba, utasikia joto mwilini, litapita." Huku jicho lake liko kwenye mashine inayochora mapigo ya moyo, maana mapigo yakivurugika ghafula, mashine ya kuushtua moyo yapasa iwe tayari papo hapo.

Tena huvaa vazi zito la risasi (ile madini, si ya bunduki) ili kujikinga na mionzi. Wenzangu wanaoikimbia Fizikia watazame hapa: kwa kawaida, mtu akiongeza mara mbili umbali wake kutoka kwenye chanzo cha mionzi, inayompata hupungua hadi kama robo. Mwuguzi asiyelijua hilo huumia polepole bila kuhisi kitu.

Ukiniuliza ipi ngumu zaidi, nitasema ya katheta, ingawa hakuna jeraha kubwa la kutisha. Kumlinda aliyelala ni kazi ya uangalifu. Kumlinda anayekutazama usoni kwa hofu huku ukihesabu mapigo yake ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Wala haiishi mrija unapotolewa. Ikiwa ulipitia kinenani, tundu hukandamizwa kwa muda ili damu isitoke, mgonjwa hulala mguu umenyooshwa kwa saa kadhaa, na mwuguzi hurudi mara kwa mara kumgusa mguuni, aone kama mshipa bado unapiga na mguu una joto.