Kufunga Maktaba ya Programu: Somo Nililolipata kwa Sifuri Moja

Wengi wenu mmeniuliza tunafanya nini katika Chama cha Kompyuta kila Jumamosi. Napenda kuwaeleza jambo moja tu, nalo ni jinsi ya kufunga maktaba ya programu ili wengine waitumie bila kudhurika.

Maktaba ninayoitaja haina vitabu. Ni maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mtu mwingine huyaazima badala ya kuandika yake upya. Yangu niliiandika kwa lugha ya Python, na kazi yake ni kusoma kumbukumbu za alama zilizoandikwa kwa mtindo wa JSON. Mtindo huo una aina sita za thamani: maneno, namba, kweli au si kweli, tupu, orodha, na kundi la majina pamoja na thamani zake. Lakini haumlazimishi mtu kufuata njia moja. Mmoja huandika "alama": 67. Wa pili huandika "alama": "67", yaani maneno yenye sura ya namba. Wa tatu huandika "alama": null, maana yake ni tupu. Wa nne haitaji alama kabisa.

Mimi, kwa uvivu, niliagiza kwamba palipopungua pawekwe sifuri. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alikuwa mgonjwa siku ya jaribio la Hisabati. Orodha ilipobandikwa, alikuta 0 mbele ya jina lake, na wastani wake umeshuka. Jioni ile hakula. Nilikwenda bwenini kwake nikakiri kosa langu, kwani aliyepata sifuri na asiyefanya jaribio si mamoja. Usiku huo huo nikasahihisha: pasipo na alama paachwe tupu, na pasipofahamika programu isimame na kutaja mahali penye shaka.

Nikadhani yamekwisha. Wiki mbili baadaye sifuri ile ile ikatokea katika orodha ya Kidato cha Pili! Kumbe kijana mmoja alikuwa ameinakili kazi yangu ya zamani kwa flashi, wala hakuwa na njia ya kujua kwamba imesahihishwa. Hapo ndipo nilipofahamu faida ya kufunga.

Kwanza, weka maagizo yako katika folda moja yenye jina lisilofanana na la maktaba nyingine. Pili, andika faili liitwalo pyproject.toml, litaje jina la maktaba, namba ya toleo, na matoleo ya Python yanayofaa. Tatu, andika majaribio. Mimi niliweka mifano minne niliyoitaja juu, na jibu linalotakiwa kwa kila mmoja. Nne, toa amri ya kufunga, nawe utapata faili moja lenye mwisho wa .whl, ambalo kwa kweli ni faili la zip. Mwenzako ataliingiza katika kompyuta yake kwa programu iitwayo pip, hata kama amelipokea kwa flashi.

Namba ya toleo isidharauliwe. Desturi ya wengi ni namba tatu zilizotengwa kwa nukta. Ya mwisho huongezwa kwa sahihisho dogo, ya kati kwa nyongeza isiyovunja kitu, na ya kwanza kwa badiliko linaloweza kukwamisha programu za wengine. Kazi yangu ya zamani niliihesabu kuwa 1.0.0. Mpya sikuiita 1.0.1, bali 2.0.0, kwa sababu programu iliyozoea kupewa namba sasa yaweza kupewa tupu, na mwenyewe hana budi kujitayarisha.

Ndugu zangu, kusahihisha kosa nyumbani kwako hakutoshi ikiwa umekwisha kuligawa kwa majirani. Mwenzetu yule wa sifuri sasa ni mwanachama wetu, naye ndiye anayeandika majaribio. Kila Jumamosi hunitafutia kumbukumbu mbovu kuliko za wiki iliyopita, nami namshukuru.