Utafiti wa Pesa za Umma: Jinsi ya Kupanga Matokeo Yamfikie Mkulima

Mitunguu, katika Imenti Kusini, haikosi watafiti. Kuna maji ya mradi wa umwagiliaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, kuna migomba kila upande, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, kilichoko Embu, hakiko mbali. Wanaokuja hujaza dodoso, hupiga picha na kubeba sampuli za udongo. Wanaorudi kueleza walichogundua ni wachache. Mara nyingi si kwa ubaya: muda umekwisha, pesa zimekwisha, na hakuna aliyepanga kurudi.

Kama unaandaa utafiti unaolipiwa na umma, uwe wa chuo, wa kaunti au wa shirika la serikali, huu hapa mwongozo wa kupanga safari hiyo ya kurudi.

Kusikia si kuelewa

Miche ya ndizi inayozalishwa maabara, ambayo wengi huiita tishu, ilianza kuwafikia wakulima wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, KARI (sasa KALRO) ikiwa mstari wa mbele. Baadaye Nassul Kabunga, Thomas Dubois na Matin Qaim waliwahoji wakulima wa ndizi wa Mkoa wa Kati na wa Mashariki. Katika makala yao ya 2012, walitofautisha mkulima aliyesikia tu kwamba miche hiyo ipo na yule aliyejua sifa zake. Waliosikia walikuwa wengi kuliko waliojua.

Tofauti hiyo hugharimu. Mche wa tishu hutoka maabara ukiwa safi, bila fukusi wala ugonjwa wa udongoni, lakini usafi si kinga. Ukipandwa penye mnyauko wa panama, na aina hiyo ya ndizi haihimili mnyauko, utaugua kama chipukizi lolote. Tena unahitaji maji na samadi zaidi, hasa mwanzoni. Aliyesikia nusu ya habari huupanda kama alivyozoea, ukafa, naye akawaambia majirani kwamba tishu ni hasara.

1. Panga kabla ya kuanza

Wafadhili wengine wamelifanya hili kuwa sharti. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya, ambao taasisi za Kenya zinaweza kushiriki, hutaka muhtasari wa mpango wa mawasiliano kwenye ombi la fedha, na mpango kamili ndani ya miezi 6 ya kwanza ya mradi. Hapa nyumbani, leseni ya utafiti itolewayo na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, humtaka mtafiti amwarifu gavana na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuanza, kisha awasilishe ripoti ndani ya mwaka 1 baada ya kumaliza. Hicho ni kiwango cha chini. Ripoti iliyoko Nairobi haijafika Mitunguu.

2. Tenganisha kazi tatu

Kwanza, kuujulisha umma kwamba utafiti upo, unafanywa na nani na kwa pesa za nani. Pili, kuyafikisha matokeo kwa wanaoweza kuyatumia. Tatu, kuhakikisha yanatumika: kwenye shamba, kwenye kitalu, kwenye mpango wa kaunti. Mradi wenye tovuti nzuri na fulana zenye nembo umefanya ya kwanza tu.

3. Taja unaosema nao

“Wadau” ni neno pana mno kupangia kazi. Kwa ndizi za Mitunguu, andika: mwenye shamba, kibarua anayekata majani, mwenye kitalu cha miche, muuzaji wa agroveti, dalali anayenunua mkungu, afisa wa kilimo wa wadi. Kando ya kila mmoja, andika uamuzi mmoja unaotaka aufanye tofauti. Ukikosa wa kuandika, huyo huna ujumbe wake bado.

4. Andika ujumbe wa kusemwa barazani

Sentensi ya ripoti: “Miche isiyo na vimelea ilionyesha ongezeko la mavuno lenye umuhimu wa kitakwimu chini ya usimamizi bora.” Sentensi ya baraza: “Mche huu ni msafi lakini si sugu. Usiupande mahali migomba iliponyauka. Chimba shimo pana, changanya samadi na udongo wa juu, na usipande kama huna maji.” Msomee mkulima mmoja, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Akikosea, sahihisha sentensi yako.

5. Chagua njia, lugha na majira

Muuga FM hutangaza kwa Kimeru. Ukivuka kwenda Embu, Wimwaro FM ndiyo inayosikika. Redio hufikisha habari upesi, ila jinsi ya kupanda huonekana shambani, kwa hiyo weka shamba la mfano kwa mkulima anayeaminika. Baraza la chifu, chama cha akina mama na kanisa baada ya ibada navyo vina nafasi. Zingatia majira: ushauri wa kupanda ufike Agosti au Septemba, mashimo yachimbwe kabla ya mvua za Oktoba. Ukifika Desemba, umechelewa msimu mzima.

6. Tenga pesa na mtu

Andika kwenye bajeti nauli, muda wa redio, tafsiri, uchapishaji na siku za kurudi kwa wakulima baada ya uchambuzi. Taja mtu mmoja atakayewajibika. Picha na maelezo ya watu yachukuliwe kwa ridhaa yao, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

7. Pima kilichobadilika, na usifiche kilichoshindikana

Idadi ya waliohudhuria na kula chakula cha mchana haipimi chochote. Rudi baada ya msimu mmoja uulize: ulisikia nini, ulifanya nini, nini kilikuzuia? Jaribio lililofeli nalo litangazwe, maana humwokoa mkulima asilirudie kwa pesa zake.

Nawe mkulima

Kabla ya kujaza dodoso, uliza matokeo yataletwa lini, na nani, na kwa lugha gani. Yasipokuja na yako mikononi mwa taasisi ya umma, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuyaomba, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anastahili kusaidiwa na afisa kuliandika ombi lake. Taasisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman.