Ubadilishaji wa Faili za Video kwa Diski za DVD: Suala la Ubora wa Data ya Isimu

1.0 Utangulizi

Data ya fasihi simulizi na ya lugha za alama aghalabu hurekodiwa kwa video, kisha huhamishiwa kwenye DVD ili ionyeshwe darasani. Makala haya yanachunguza uhamishaji huo. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora hupotea hasa pale faili inapobanwa, na hupotea zaidi inapobanwa mara ya pili bila sababu.

2.0 Kinachotupwa

DVD hutumia usimbaji wa MPEG-2, ambao hutupa taarifa zinazodhaniwa kuwa jicho halitazigundua. Katika mfumo wa PAL, picha huwa na pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Fremu ya kanda ya kawaida hubeba nusu mbili za mistari, zilizonaswa kwa nyakati tofauti. Mpangilio wa nusu hizo ukigeuzwa, mkono wa mtumiaji wa lugha ya alama huonekana ukirukaruka mbele na nyuma. Kwa mtazamaji hilo ni kero. Kwa mchanganuzi ni data potofu. Kadhalika, sauti iliyobanwa inaweza kueleweka vizuri ilhali vikwamizi vinavyotofautisha *suka* na *shuka* havifai tena kupimwa kwa ala.

3.0 Hesabu ya Nafasi

Diski ya safu moja huchukua gigabaiti 4.7, yaani megabiti 37,600 hivi. Rekodi ya saa mbili hupata wastani wa megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Rekodi ya saa moja ingepata 10.4, lakini kikomo cha DVD ni 10.08. Kwa hiyo, picha ipewe 8, na sauti ya PCM isiyobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, ichukue 1.5, jumla ni gigabaiti 4.3 hivi.

4.0 Faili Zilizokwisha Kubanwa

Faili ya MPEG-2 inayokidhi kanuni za DVD isisimbwe upya. Ipangwe tu kwenye diski. Picha ya VCD, yenye pikseli 352 kwa 288, nayo hukubaliwa ilivyo. Kinachobadilishwa ni sauti yake ya sampuli 44,100. Kuikuza picha hiyo hakurejeshi kilichokwisha kutupwa.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba DVD ni nakala ya kuonyeshea, na rekodi ya awali ndiyo hati ya utafiti. Mtafiti anayeifuta baada ya kupata diski hujinyima data ambayo msimulizi wake huenda hayupo tena kuitoa.