Mamajusi Walifika Mara Mbili



Somo letu la wiki hii ya Majilio ni Mt 2:1-12, habari ya Mamajusi. Fungua Biblia yako (ya kwenye simu inatosha) uangalie: Mathayo anasema walikuwa wangapi? Hasemi. Anasema walikuwa wafalme? Hasemi pia. Sisi tumezoea watatu kwa sababu ya zile zawadi tatu. Anachosema waziwazi ni kwamba walifika mara mbili. Kwanza walifika Yerusalemu, mji mkubwa wenye ikulu na wasomi wa Maandiko. Baadaye ndipo walipofika Bethlehemu, wakaingia nyumbani kwa mtoto na mama yake.

Somo hili lilinikaa vizuri zaidi Desemba moja nilipopata nafasi ya kwenda Köln, Ujerumani, kutembelea masoko yao ya Noeli. Köln ni mji wa Mamajusi. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milano masalia yanayoheshimiwa kuwa yao, mahujaji wakawa wengi, na mwaka 1248 likaanza kujengwa kanisa kuu lililopo sasa. Lilikamilika 1880! (Ukiona michango ya ujenzi parokiani kwenu haiishi, tulia.) Na Siku ya Vijana Duniani ya 2005, iliyofanyika hapohapo Köln na Papa Benedikto XVI, ilichukua mada yake kutoka Mt 2:2.

Ukitoka tu stesheni ya treni, kanisa hilo hapo, minara miwili ya mita 157 hivi. Ubavuni mwake ndipo lilipo soko: vibanda vya mbao, taa, lozi zinazokaangwa na sukari, mishumaa, keki kavu za asali na viungo. Baridi ya kule usiombe. Watu wanapasha mikono moto kwa vikombe vya divai iliyochemshwa. Kikombe unakilipia, ukikirudisha unapewa hela yako.

Kilichonisimamisha ni harufu. Divai ile inapikwa na mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa. Kwa mtu aliyekulia Kaole, hiyo ni harufu ya pilau ya Idi kwa majirani! Nimesafiri usiku kucha kwa ndege, nafika Ulaya, napokelewa na jiko la kwetu.

Lakini karafuu ina historia yake. Siku hizi inatoka nchi nyingi. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza duniani, na waliopanda na kuchuma mashambani walikuwa watumwa. Wengi walitembezwa kutoka bara hadi pwani, Kilwa na kwetu Bagamoyo, wakavushwa kwa majahazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Miaka mitano kabla ya hapo, 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kuja Bagamoyo kuanzisha misheni, wakianza na watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Yaani Kanisa letu la bara, hili lililokubatiza, lilianza na watu waliowahi kutajiwa bei.

Sisemi haya ili kulaumu soko. Wa Kaole alaumuje soko? Ukienda kwenye magofu utaona makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepambwa kwa bakuli za Kichina. Sisi ni watu wa biashara tangu zamani. Hata soko la Dresden, linalohesabiwa tangu 1434, lilianza kama soko la nyama la siku moja, ili watu wapate kitoweo cha Noeli baada ya mfungo wa Majilio. Soko lilihudumia sikukuu. Mfungo ndio umepotea njiani, na hilo hata Kariakoo wiki ya mwisho ya Desemba unaliona.

Rudi sasa kwenye somo. Herode alipouliza Kristo atazaliwa wapi, wasomi walijibu sahihi kabisa: Bethlehemu. Kutoka Yerusalemu ni kilomita 9 hivi, karibu sawa na kutoka Kaole hadi Bagamoyo mjini na kurudi. Mathayo hataji hata msomi mmoja aliyefunga safari. Wageni ndio walioendelea na njia.

Pale Köln, kutoka kibandani hadi mlango wa kanisa ni dakika chache tu. Wengi wanapiga picha ya minara, wanarudi kwenye divai. Mimi niliingia. Nyuma ya altare kuu kuna sanduku la dhahabu lenye masalia, kazi inayohusishwa na fundi Nicholas wa Verdun. Mamajusi walifungua hazina zao. Mimi glovu zangu zilikuwa zinanukia karafuu. Nikapiga magoti nikawaombea wale waliotembezwa mpaka Bagamoyo, na mwisho wa safari hakuna aliyewafungulia chochote.

Tarehe 23 Desemba soko lile huwa linafunga. Mamajusi kwa kalenda yetu bado wako njiani! Wanakuja Tokeo la Bwana, na siku hizo watoto wa Ujerumani huvaa mataji, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakichangisha kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Juu ya mlango huandika kwa chaki C+M+B pamoja na mwaka. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini, Christus mansionem benedicat: Kristo aibariki nyumba hii.

Kazi ya wiki: soma Mt 2:1-12 mara mbili, mara ya pili ukipigia mstari kila kitu Mamajusi walichofanya baada ya kutoka Yerusalemu. Halafu andika pembeni jina la nyumba moja ya karibu nawe, ya mgonjwa, mjane au mwenzako aliyeacha jumuiya, ambayo utaingia kabla ya tarehe 25, na utakachobeba.